Wimbo ni wa kukodisha, si wa kuuza



Siku ya mushahara ya mwezi uliopita tulikuwa tumeketi watu sita wa posti ya asubuhi, fasi moja ya kunywa, televizio iko juu ya ukuta. Mupira ulikuwa haujaanza, piblisite zinapita tu. Moja ikaingia na gitare ambayo sisi wote tuliijua. Kisha sauti. Ilikuwa sauti ya mwenzetu, shofere wa kamyo za kubeba mawe, kijana tunayemusikia kila siku ya Mungu jioni nyuma ya nyumba yao. Na yeye mwenyewe alikuwa pale pale kati yetu, chupa yake mukononi.

Tulipiga makelele ya furaha. Yeye hakuinua kichwa.

Halafu mukubwa mumoja wa atelie akasema: «Huyu naye amejiuzisha. Leo anaimbia kinywaji, kesho ataimbia patroni.» Watu wakacheka. Mwengine akajibu: «Mumuache akule na yeye. Sisi wote tunakula kwa nani?» Maneno yakashika moto. Mupira ukaanza, mupira ukaisha, tuko tunabishana tu. Siku tatu nyuma yake, ku biro ya sendika, watu walikuwa wangali wamegawanyika: hawa wanasema mwimbaji akiingia katika piblisite amepoteza heshima, wale wanasema hiyo ni wivu.

Hakuna hata mumoja, na sisi madelege pamoja, aliyemuuliza kijana: ile karatasi ulisinye inasema nini?

Yeye mwenyewe ndiye aliyeileta. «Yaya, munisomee hii. Minaisinye bila kusoma, juu ile siku nilikuwa na furaha mingi.» Ilikuwa ukurasa mumoja kwa Kifaransa. Dola mia mbili, triko mbili, na kazie moja ya chupa. Chini, kwa herufi ndogo: mutungaji anaacha haki zake zote juu ya wimbo, katika nchi zote, kwa njia zote, kwa wakati wote. Tukamufasiria. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: «Basi nikiuimba ku ndoa ya dada yangu, watanishika?»

Tulicheka, lakini si kicheko cha kweli. Ku ndoa hakuna mutu atakuja kumushika. Lakini siku akienda studio kurekodi tena wimbo wake mwenyewe na kuuzisha, wenye karatasi ile wanaweza kumuita tribinali. Na wimbo wenyewe, kwa wasioujua, ulikuwa juu ya baba yake, mufanyakazi wa zamani aliyekufa akingojea malimbikizo ya mushahara ambayo hayakufika. Piblisite ilikata maneno yote ya baba, ikaacha kiitikio, ikatia jina la kinywaji mwishoni. Sasa munaelewa sababu gani hakuinua kichwa.

Jambo njo hili tunataka kusema leo, kwa sababu katika kamp zetu kuko vijana wengi wenye gitare, na kampuni zinazotafuta sauti ya bei rahisi zinaijua njia ya kufika kwao. Kuimbia piblisite si haya. Haya iko kwa mwenye kuchukua wimbo mzima kwa bei ya siku moja. Tukiendelea kuwacheka vijana wetu bila kuwasomea karatasi, tutakuwa tunamusaidia yule mwenye kuchukua.

Binti wa mwenzetu mumoja anasoma sheria kule Lubumbashi. Tulimuita atusaidie na karatasi ile, naye akatuletea mufano wa mwimbaji mumoja mwanamke wa Ufaransa, Yael Naim. Tuliona mufano ule ni muzuri, tukafuata habari zake.

Alizaliwa Paris mwaka 1978, wazazi wake Wayahudi wa Tunisia. Alikomalia Israeli, kisha akarudi Ufaransa kutafuta njia ya muziki. Mwaka 2001 alitoa albamu yake ya kwanza katika kampuni moja kubwa. Haikuenda. Mwenye kujua kampuni kubwa anajua kinachofuata: ukipiga telefone, hakuna mwenye kuitika. Mwaka 2004 akakutana na mupiga ngoma David Donatien. Wakashirikiana, wakakaa karibu miaka miwili wakirekodi ndani ya nyumba ya huyu mama, Paris, bila studio ya bei kali. Nyimbo zingine za Kiebrania, zingine za Kifaransa, zingine za Kiingereza. Mwezi wa kumi 2007 albamu ikatoka, mikononi mwa lebo ndogo inayoitwa Tôt ou tard.

Watu wa namna hii Ulaya wanaitwa waimbaji wa kujitegemea. Sisi huku tungewaita krezere wa muziki. Krezere anashuka na tochi yake, hana patroni, hana fishi ya mushahara; akipata jiwe ni lake, asipopata watoto wanalala njaa. Lakini sisi wote tunajua hasara ya krezere inaanzia wapi. Haianzie ndani ya shimo. Inaanzia ku depo, wakati wa kupima. Mizani ni ya nani? Nani anasema ndani ya gunia hii muko shaba asilimia ngapi? Mwimbaji wa kujitegemea naye anafika ku depo siku moja. Depo ya Yael Naim ilikuwa Apple.

Tarehe 15 ya mwezi wa kwanza 2008, kule San Francisco, Steve Jobs alionyesha watu kompyuta mupya, nyembamba sana, MacBook Air. Aliitoa ndani ya bahasha ya karatasi, kama zile zinazotembea katika biro zetu. Ilikuwa na uzito wa kilo 1,36 na bei ya dola 1.799. Piblisite yake ilikuwa hivyo hivyo: mukono, bahasha, kompyuta inatoka. Hakuna mutu anayesema kitu. Wimbo peke yake njo ulikuwa unasema, na wimbo ule ulikuwa «New Soul» ya Yael Naim. Jobs mwenyewe ndiye aliyeuchagua. Katika majuma machache wimbo ule ukafika fasi ya saba Marekani. Mwaka ule ule Ufaransa ikamupa zawadi ya Victoires de la Musique kwa albamu yake, na tena mwaka 2011 na 2016 akapewa ile ya mwimbaji mwanamke wa mwaka.

Kwa hiyo alijiuzisha? Tuangalie vizuri. Apple ilikuwa kampuni yenye nguvu kumupita mara elfu. Hata vile, haikununua wimbo. Ilipewa ruhusa ya kuutia katika piblisite. Kompyuta zile za 2008 leo ziko wapi? Nyingi ziko katika takataka, batri imekufa. Wimbo haukukufa, na Apple haikupata kuwa mwenyewe wake. Mwenye nyumba akikodisha chumba, mupangaji anakaa, analipa, anatoka. Mwenye nyumba hajapoteza nyumba. Kijana wetu yeye alipokea kodi ya siku moja, akatoa na paselo.

Namna mambo haya yanavyofanyika, mujue kwanza kwamba wimbo uliorekodiwa uko na milango miwili. Mulango wa kwanza ni wimbo wenyewe, yaani maneno na sauti ya muziki. Huo ni wa mutungaji, na wa mutu au nyumba inayomusimamia kama iko. Mulango wa pili ni rekodi, ile iliyotengenezwa studio; mara mingi huo ni wa mwenye kulipa studio. Kampuni inayotaka wimbo kwa piblisite inapashwa kupiga hodi ku milango yote miwili, na kila mulango unalipwa. Na ruhusa yenyewe haiko wazi kama uwanja wa mupira. Inaandikwa: kwa kitu gani, katika nchi gani, kwa televizio ao radio ao telefone, kwa miezi mingapi. Kila neno linaongeza bei. Miezi ikiisha, wanarudi kulipa, ao wanaondoa wimbo.

Kisha kuko makuta mengine. Kila mara televizio ao radio inapiga wimbo, inapashwa kulipa shirika la watungaji, nalo linagawanya kwa wenyewe. Ufaransa shirika hilo ni Sacem, liko tangu 1851. Ndiyo, 1851, wakati huku kwetu hakuna reli wala mugodi wa muzungu hata mumoja. Watungaji wa kule walifanya sendika yao mapema, tuseme vile.

Mufano mwengine mudogo, juu ya wale wanaofikiri makuta ni ya mwenye kuonekana peke yake. Mwezi wa tisa 2007 Apple ilitumia wimbo «1234» wa Feist, mwimbaji mwanamke wa Kanada, kuuzisha iPod nano. Wimbo ukafika fasi ya nane Marekani. Sasa, Feist hakuutunga peke yake. Ulianzia kwa Sally Seltmann, mutungaji wa Australia; Feist akauchukua, akaongeza yake. Katika piblisite tunaona Feist tu. Lakini majina mawili njo yameandikwa, na mutungaji wa Australia ambaye hakuonekana hata dakika moja anapata sehemu yake. Wenye kufanya kazi chini na wenye kufanya kazi juu wataelewa habari hiyo haraka sana.

Tunajua munafikiri nini. Sisi pia tulifikiri. Kompyuta ile, iPod ile, telefone zile: ndani muko batri ya lityumu, na kobalti ni moja ya vitu vinavyotengeneza batri zile. Congo ni ya kwanza duniani kwa kobalti, zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka katika udongo huu tunaokanyaga. Na mwaka 2008, ambao kule wanaukumbuka kwa wimbo, huku tunaukumbuka kwa njia ingine: mwisho wa mwaka bei ya shaba na kobalti ilianguka, kampuni zikafunga milango moja moja, depo zikabaki tupu, watu wakarudi mangaribi na mikono mitupu. Bamama waliouza maandazi ku mulango wa migodi wanajua mwezi ule wa kumi na mbili ulikuwa namna gani.

Hatumulaumu mama yule. Hakuweka bei ya shaba yeye. Lakini tunaruhusiwa kulinganisha.

Wimbo ukipigwa mara elfu, haupunguke. Jiwe likitoka, limetoka, shimo linabaki. Kwa akili ya kawaida, mwenye kitu kinachoisha ndiye angepashwa kulindwa zaidi na karatasi, siyo? Sheria imejaribu kidogo. Kodi ya migodi iliyobadilishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, pamoja na amri iliyoitia kobalti katika mawe ya maana sana, inasema kampuni ilipe redevansi ya asilimia 10 kwa kobalti. Redevansi ile inagawanywa: 50 kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa komine ao sekteri ambamo mugodi uko, na 10 kwa mufuko wa vizazi vitakavyokuja. Inafanana na makuta ya watungaji: kila mara kitu kinapopita, mwenyewe anapata sehemu. Jaribu tu kutafuta jina la mufanyakazi katika zile sehemu ine. Halimo. Yeye anabaki na mushahara wake na kontra yake, basi. Njo maana kontra ni kitu kikubwa sana kwetu, na njo maana tunasikia uchungu mutu wa mugodi akisinye bila kusoma, hata ikiwa ni karatasi ya wimbo.

Wazee wetu wa sendika wana neno lingine, na hatutaki kulificha. Wanasema: wimbo wa machozi ya baba usiuzishe kinywaji, hata wakitoa dola elfu kumi. Tunawaheshimu. Kuko waimbaji wakubwa wanaofikiri vile vile. Tom Waits wa Marekani alikataa nyimbo zake zitiwe katika piblisite. Mwaka 1988 kampuni moja ya chips, Frito-Lay, ikatafuta mutu wa kuigiza sauti yake kwa radio. Waits akaenda tribinali, akashinda, akalipwa zaidi ya milioni mbili za dola. Kukataa nako ni haki, na haki ile iko na bei.

Lakini muangalie: Waits aliweza kukataa kwa sababu alikuwa hajatoa haki ya kukataa. Yael Naim aliweza kukubali kwa sababu ileile. Kijana wetu hawezi tena kukubali wala kukataa. Kesho wakitaka kutia wimbo wa baba yake katika piblisite ya sabuni ya kusafisha vyoo, hawamuulize. Hapa hata wazee na vijana wa biro walikubaliana, na si kila siku wanakubaliana, munatujua.

Na mutu asiseme ni maneno ya Ulaya na Marekani. Hapa Afrika kuko habari ya Solomon Linda, Muzulu wa Afrika ya Kusini. Mwaka 1939, Johannesburg, alirekodi wimbo wake «Mbube». Alikuwa mufanyakazi wa kampuni ileile iliyomurekodi, anapakia sahani za muziki. Mwaka 1952 akatia sahihi karatasi ya kuacha haki zake, kwa shilingi 10. Wimbo ukazunguka dunia, ukabadilishwa jina, ukaimbwa na wazungu, ukaingia hata katika filme ya watoto ya Disney, ile ya simba. Linda alikufa 1962 katika umasikini. Binti zake walikuwa wangali wanaishi Soweto kwa shida, wakati wimbo wa baba yao unaimbwa kila pembe ya dunia.

Mwisho wake uko na mafundisho kwa watu wa sendika. Avoka walichimbua sheria ya zamani ya Waingereza ya 1911, iliyosema kwamba miaka 25 kisha mutungaji kufa, haki zinarudi kwa watoto wake, hata kama alikuwa ameziuzisha. Kwa Linda ilikuwa 1987. Mwaka 2004 wakashitaki, 2006 wakasikilizana inje ya tribinali, na familia ikakubaliwa kulipwa. Bamama wale walingojea zaidi ya miaka arobaini kisha baba kufa. Karatasi iliwafunga, karatasi ingine ikawafungua.

Na hapa Katanga? Katanga ni nchi ya gitare. Mwaka 1952, mwaka uleule Linda alisinye, Hugh Tracey alipita Jadotville, leo Likasi, akarekodi Mwenda Jean-Bosco na «Masanga» yake. Kisha Mwenda alifika mupaka Nairobi, akapata programu yake ya radio, na wapiga gitare wa Kenya wakajifunza kwake. Wazungu na Wamarekani wangali wanajifunza vidole vyake leo. Babu zetu katika kamp za Union Minière walikuwa wanamusikiliza kisha kazi. Kwa hiyo kijana wa kamyo na gitare yake haokote kitu cha wengine, anaendelesha urizi.

Sheria iko. Congo iko na sheria ya haki za watungaji tangu tarehe 5 mwezi wa ine 1986. Shirika la kukusanya makuta ya watungaji liko, linaitwa SOCODA, tangu 2011, lilipokea fasi ya SONECA. Kuandikisha wimbo njo kitu cha kwanza. Bila jina lako mule, hata televizio ikilipa, watalipa nani? Tunajua vijana watasema: «Yaya, ile shirika iko mbali, makuta hayafike.» Labda. Mushahara pia ulikuwa haufike wakati fulani, na hatukuacha kutia jina letu katika daftari ya kazi.

Sasa tuingie katika nyumba yetu, maana jambo hili haliko la mupiga gitare mumoja tu. Bamama wengi wa kamp wanakumbuka: siku ya usalama wa kazi, koro ya bamama iliimba mbele ya wakubwa, na watu wa kamera walikuwapo. Wimbo waliutunga bamama wenyewe, juu ya bwana kurudi nyumbani mikono miwili na miguu miwili. Walipewa soda na mukate. Kisha mumoja wetu akauona wimbo ule katika filme ya kampuni inayoonyeshwa ku wageni, wale wanaoleta makuta yao. Picha nzuri, sauti nzuri, jina la mutungaji hakuna. Ile si piblisite? Inauzisha nini, kama si uso wetu na sauti yetu? Na mumoja wa wale bamama, muezi uleule, bwana yake aliondolewa kazi kwa sababu kontra yake na kampuni ndogo ya kukodisha watu ilikuwa imeisha. Anauona uso wake unacheka katika filme, nyumbani hakuna unga.

Hatusemi kampuni ingepashwa kumulipa kila mama dola elfu. Tunasema angeulizwa. Angeambiwa: filme hii itaonyeshwa wapi, kwa muda gani, na sehemu yako ni hii. Labda koro ingesema: tutoleeni tu, lakini mutengeneze bomba la maji la kamp. Hiyo nayo ni bei. Mwenye kuulizwa ndiye anayeweza kutaja bei.

Kwa hiyo madelege wa biro yetu wameandika mustari mumoja wa kuingiza katika mazungumuzo ya konvansio yanayokuja. Mustari wenyewe ni mufupi: picha, sauti na wimbo wa mufanyakazi ao wa jamaa yake visitumiwe inje ya kazi bila ruhusa iliyoandikwa, yenye muda na malipo, katika luga ambayo mwenyewe anaisikia. Maneno haya ya mwisho njo yaliyoleta mabishano zaidi ya yote. Mwenzetu mumoja alisema luga ya kontra ni Kifaransa, tangu zamani iko vile. Tukamujibu: ku shimo, wakitaka kutuonya mawe yanaanguka, wanapiga makelele kwa Kifaransa? Mustari umepita.

Kuhusu shofere wetu, binti wa sheria alitusaidia kuandika barua kwa kampuni ya kinywaji. Hatukutukana mutu. Tumeomba vitu viwili: piblisite iwe na mwisho wa muda, na wimbo urudi kwa mwenyewe. Kisha tukaongeza, kwa mukono wa kijana, kwamba maneno juu ya baba yake yasikatwe tena. Barua imeondoka, kopi iko na muhuri wa kupokelewa. Yeye yuko posti ya usiku juma hili. Anasema gitare ameitundika kwanza, mupaka jibu lifike. Mama yake anasema ni uongo, anamusikia asubuhi akirudi, anapiga polepole ili asiamshe watoto.

Kama uko na karatasi ya namna ile nyumbani, ya wimbo, ya picha, ya filme, ulete ku biro ya sendika siku ya posho kuanzia saa mbili ya asubuhi. Binti yule atakuwako. Ulete kopi. Orijinali ibaki nyumbani, chini ya godoro ao fasi yoyote mama anajua. Na wewe ambaye hujasinye bado, uje mbele ya kusinye, hata kama watu wa piblisite wako mulangoni na motere ya gari inawaka. Waambie wangoje. Apple ilingojea ruhusa ya mama mumoja wa Paris aliyerekodi wimbo nyumbani kwake.